Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kufuatilia Habari za Kampeni, Kisumu, 2025

Wanachama wenzangu,

Kazi kubwa ya mwaka huu ilikuwa kufuatilia redio na magazeti kuelekea uchaguzi mdogo wa tarehe 27 Novemba, hasa katika maeneo bunge ya Malava, Ugunja na Kasipul. Michango na matumizi yamo katika ripoti ya mweka hazina.

Awali tulipima tu dakika ambazo kila mgombea alipewa hewani. Kipimo hicho hudanganya. Mkutano unaorushwa moja kwa moja humeza dakika arobaini bila mhariri kuchagua neno, na kiongozi akizindua barabara huku mgombea amesimama kando yake, huitwa habari ya serikali. Sasa fomu yetu ina safu ya tukio la serikali lenye mgombea. Kila kipindi pia husikilizwa na watu wawili, kila mmoja kivyake. Wakitofautiana iwapo habari inasifu au inaponda, wa tatu husikiliza rekodi. Bila hivyo, kila mtu huona aliyeonewa ni mgombea wake tu.

Safu yenye uzito kuliko zote huuliza: habari inahusu sera au ushindani? Bei ya miwa Malava ni sera. Nani kahamia kambi gani ni ushindani. Ahadi ya maji ikielezwa kila siku kama mbinu ya kusaka kura, bila kuuliza bomba litapita wapi na kwa bajeti ipi, msikilizaji huishia kusema "wote ni wale wale". Majaribio yaliyofanywa Marekani miaka ya 1990 yalionyesha athari hiyo waziwazi. Nasi tusiichukulie kijuujuu: waliojitokeza kupiga kura nchini walishuka kutoka karibu asilimia 80 Agosti 2017 hadi karibu 65 mwaka 2022.

Kura za maoni ndizo kuni za moto huu wa habari za ushindani. Sheria ya 2012 ya uchapishaji wa kura hizo inataka mchapishaji ataje mfadhili, idadi ya waliohojiwa na kiwango cha makosa, yaani matokeo yanaweza kupishana na maoni halisi ya wananchi kwa kiasi gani. Watu 1,000 wakihojiwa nchi nzima, kiwango hicho ni kama pointi 3 juu au chini. Lakini Kisumu, kwa idadi ya watu ya sensa ya 2019, itapata watu 24 hivi, na hapo makosa hufika pointi 20. Kichwa cha habari kinachosema "fulani anaongoza Kisumu" kwa takwimu hiyo hakina msingi.

Tusimwonee mwandishi wa mashinani. Wengi hulipwa kwa kila habari inayotoka, bila nauli, kwa hiyo hupanda gari la msafara wa mgombea na kurudi na alichoonyeshwa. Tuwasukume wahariri wagharamie usafiri.

Malalamiko kwa Baraza la Habari la Kenya yaambatane na rekodi, tarehe na saa. Mafunzo ya wasikilizaji wetu wapya wa kujaza fomu yaanze mapema, kabla ya kampeni za uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027. Kila kata ilete majina mawili kwa katibu.

Mwenyekiti