Fomu zote zianikwe, si za urais pekee

Mhariri,

Usiku wa Agosti 9, 2022, nilikuwa wakala katika kituo kimoja cha kupigia kura. Tulihesabu hadi karibu alfajiri kwa mwanga wa taa za sola, msimamizi akiinua kila karatasi ili sote tuione. Fomu 34A, yenye matokeo ya urais ya kituo, ilipigwa picha mbele yetu, na baadaye niliiona kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi ya Kenya (IEBC), sahihi yangu ikiwa pale chini. Kwa nchi ambayo Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta uchaguzi wa urais wa 2017, hiyo ilikuwa hatua kubwa, na nilijivunia.

Lakini je, kura ya mwakilishi wadi, yule anayepitisha bajeti ya barabara na zahanati zetu? Fomu yake ilibandikwa mlangoni mwa darasa. Kulipokucha haikuwepo, imebaki alama ya gundi tu. Mgombea asiye na pesa za kuweka wakala kila kituo angelinganisha nini na nini?

Wakenya tunapiga kura sita siku moja. Naiomba tume, kabla ya Agosti 2027, iweke mtandaoni fomu za kila kituo kwa nafasi zote: gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Mashine za KIEMS, zilizotumika kupiga picha na kutuma fomu za urais, tayari zipo. Wabunge nao waliandike jambo hili katika sheria, lisiachiwe hiari ya tume.

Aliyekuwa wakala,
Kitui