Sekunde mbili za bahasha

Tanga, Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mama anakusalimu, kile kikohozi kimemwacha. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na kicheko chako nusura kinitoboe sikio. Eti mtu mzima na akili zake anakesha kuwatazama matajiri wa Marekani wakipeana sanamu za Oscar, zile tuzo za filamu! Haya, cheka. Ukimaliza, nisikilize.

Sanamu yenyewe sina haja nayo. Ina sentimita 34, imeizidi kidogo tu rula yetu ya shule. Mimi nakeshea bahasha.

Unakumbuka siku ya matokeo ya kidato cha nne, tulivyosukumana pale ubaoni? Ulinikataza nisiangalie, ukasema utanisomea. Kidole chako kikashuka kwenye karatasi taratibu, kikafika kwenye jina letu, kikakwama. Majina mawili yanayofanana, moja lina daraja la pili, la chini yake lina la nne. Kabla hujasoma jina la baba zilipita kama sekunde mbili, na katika sekunde hizo nilikuwa na madaraja yote mawili. Yaliyofuata tunayajua wawili, tuyaache.

Basi Oscar ya kwanza haikuwa na sekunde hizo. Ilikuwa tarehe 16 Mei 1929, katika hoteli ya Roosevelt kule Hollywood. Tiketi dola 5, watu wakala chakula chao cha usiku, tuzo zikagawiwa kwa kama robo saa, wakaenda zao. Washindi walishatangazwa tangu Februari! Emil Jannings, mwigizaji bora wa kiume, alishakabidhiwa sanamu yake akarudi Ulaya kabla hata ya sherehe. Wewe ungekesha kwa hilo? Hata mimi nisingekesha.

Baadaye wakaanza kuficha majina, ila magazeti yaliletewa mapema kwa sharti la kutochapisha hadi saa tano usiku. Na wewe unamjua mwandishi wa habari akishika siri. Mwaka 1940 Los Angeles Times likachapisha kabla ya saa, wageni wakaingia ukumbini matokeo wanayo kichwani. Tangu mwaka uliofuata, 1941, majina yakawa yanafungwa kwenye bahasha.

Usiku huohuo wa 1940, somo, ndipo Hattie McDaniel alipopata tuzo ya mwigizaji msaidizi, mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar. Wazazi wake walizaliwa utumwani. Hoteli ya sherehe ya mwaka huo haikupokea weusi, ikabidi mtayarishaji wa filamu aombe ndipo aruhusiwe kuingia, na hata hivyo akawekwa kwenye meza ndogo ukutani, mbali na wenzake wa filamu ileile. Mimi humfikiria akiinuka pale, ile safari kutoka ukutani hadi jukwaani. Hata sanamu hakupewa. Waigizaji wasaidizi miaka hiyo walipewa kibao cha ukumbusho tu.

Miaka 74 baadaye, tuzo hiyohiyo, bahasha ikafunguliwa likatoka jina la Lupita Nyong'o. Wote wawili walishinda kwa kuigiza mwanamke mtumwa, jambo ambalo mpaka leo sijui nilipendeze au nilinunie. Kwetu ilikuwa Jumatatu tarehe 3 Machi 2014. Lupita hakuzama kwenye furaha yake, mapema kabisa alikiri kwamba furaha hiyo imetokana na maumivu ya mtu mwingine. Nilipiga yowe, mama akadhani kuna msiba.

Na ile ya 2017 ningelipa fedha uwe kando yangu. Mhasibu mgawa bahasha nyuma ya pazia alimpa mwigizaji Warren Beatty, aliyekuwa atangaze filamu bora, bahasha siyo, nakala ya ile ya mwigizaji bora wa kike. Mzee akaifungua, akasoma, akatumbukiza vidole tena ndani kana kwamba kuna karatasi nyingine imejificha. Akamgeukia mwenzake jukwaani, Faye Dunaway, akampa yeye asome, naye akataja filamu ya La La Land. Watu wakapanda, wakashukuru, wakalia, hadi mmoja wao mwenyewe akashika kipaza sauti kusema hapana, walioshinda ni Moonlight, akainua kadi juu watu waione. Somo, kilikuwa kidole chako kile kwenye karatasi, basi tu sisi hatukuwa na kamera.

Njoo Machi ulale kwetu. Mara ya mwisho mtangazaji alikuwa ameshachana bahasha, amefungua mdomo, uniti zikaisha, pyuu, nikabaki na mbu. Maandazi nitapika mimi, kwa hiyo umeme utanunua wewe.

Wako,
Somo