Akina mama tuandike zabuni zetu wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na vikundi vya kijamii vya huku kwetu Nyanza na Magharibi vinavyoomba tenda za miradi ya maendeleo. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 34 hapa Nyalenda, Kisumu. Tunafunza familia usafi wa maji, lishe ya watoto na kuweka akiba. Kazi tunaijua. Kilichotushinda kwa muda mrefu ni karatasi, kwa sababu kila tulipoona tangazo tulitafuta mtu mwingine atuandikie.

Baada ya mafuriko ya 2024, shirika moja lilitangaza tenda ya kufunza kaya za nyanda za Kano, upande wa Ahero huko Nyando, namna ya kuhifadhi maji salama ya kunywa. Tulichanga shilingi 15,000 tukamlipa kijana mmoja mjini anayesifika kwa kuandika mapendekezo. Alituletea kitabu cha kurasa 64, kimejalidiwa vizuri, kina picha za rangi. Tukatia sahihi, tukapiga muhuri, tukakitumbukiza sandukuni bila kukisoma.

Tulikataliwa. Nilipokaa kitako kusoma nakala yetu, nilikuta ukurasa wa 11 unaeleza shida za wafugaji wa ngamia wakati wa kiangazi kirefu. Nyando! Mahali ambapo mto ukifura, mama hubeba watoto na magodoro akalale darasani. Wanachama wetu wawili wana jamaa waliohama makwao mwaka huo, na jina la kikundi chao liliwekwa chini ya maneno yaliyonakiliwa kutoka mradi wa watu wengine kabisa. Nililia siku hiyo, wala sioni haya kulisema.

Kumbe kamati haikufika hata huko kwenye ngamia. Barua ilisema cheti chetu cha ushuru kutoka KRA, mamlaka ya ushuru, kilikuwa kimeisha muda siku 9 kabla ya tenda kufungwa, na kurasa hazikupigwa nambari mfululizo kama tangazo lilivyotaka. Wenzangu, hatua ya kwanza ya zabuni ni ya stakabadhi tu: unayo au huna. Cheti cha usajili, cheti cha ushuru, fomu zilizotiwa sahihi, idadi ya nakala. Ikikosekana moja, uzuri wa kazi yako hausomwi na mtu. Siku hizi mweka hazina wetu ameandika tarehe ya kila cheti kwenye kadi kubwa na kuibandika ukutani.

Mara ya pili tuliandika wenyewe. Tulikutana jioni nne katika chumba cha kanisa, wanawake saba, mmoja akisoma tangazo kwa sauti na wengine wakiuliza. Tulianza na jedwali la alama, ambalo zamani tulikuwa tukiliruka. Lilikuwa wazi: kuielewa kazi alama 20, mbinu za kuifanya 35, wahusika na ujuzi wao 25, kazi zilizotangulia 20. Asiyefikisha 70 bahasha yake ya bei inarudishwa bila kufunguliwa. Basi kwa nini tulikuwa tukijaza kurasa kumi za historia ya kikundi na nusu ukurasa wa mbinu?

Kazi yenyewe ilikuwa kuwafunza kuweka akiba akina mama wanaouza omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni Dunga. Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, zilisema tu “mafunzo ya kila wiki”. Mwenzetu mmoja aliyeuza omena miaka 12 akasema mafunzo ya saa tatu asubuhi yatahudhuriwa na viti. Saa hizo mama ametoka kupokea mashua, anaanika. Tukaandika kwamba tutakutana saa nane mchana, karibu na vichanja vya kuanikia, ili wingu likitanda aweze kukimbilia mali yake. Tukaandika kwamba mafunzo yatakuwa kwa Dholuo na Kiswahili, kwa kuwa si kila muuzaji ni wa hapa. Tukaweka kwenye bajeti mama mmoja wa kushika watoto. Na pale walipouliza tutajuaje kwamba kazi imefaa, hatukusema “wanawake 60 watafunzwa”. Tulisema tutakagua vitabu vya akiba mwezi wa kwanza na mwezi wa sita, tuone ni wangapi bado wanaweka na ni wangapi waliacha, na tuwaulize walioacha. Hayo hayaandikwi na mtu wa saiba ambaye hajakanyaga Dunga.

Tulipata alama 78. Hatukushinda, mwingine alikuwa na bei ya chini. Lakini shirika lile lilitutumia alama zetu kwa kila kifungu, tukaona tulianguka kwenye wahusika kwa kuwa maelezo ya wakufunzi wetu hayakuwa na tarehe wala sahihi. Tulirekebisha, na mwaka huu tumepata kazi ndogo ya miezi sita.

Kuhusu bei, nawasihi vikundi vingine: msijipunje. Nimeona bajeti ambazo malipo ya katibu, nauli ya boda na uchapishaji wa ripoti vimefutwa ili jumla ipendeze. Mradi ukifika mwezi wa tatu, ripoti haiandikwi na mfadhili anaondoka na hasira. Jumlisheni hesabu mara tatu pia. Katika tenda za serikali, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inasema jumla iliyosomwa siku ya ufunguzi ndiyo ya mwisho, hairekebishwi.

Sheria hiyo ina mengine yanayotusaidia ambayo madalali hawatuambii. Angalau asilimia 30 ya ununuzi wa serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ukiomba tenda katika fungu hilo hudaiwi dhamana ya zabuni ya benki, yaani ahadi ya fedha kwamba hutajitoa. Unajaza fomu ya tamko tu. Na aliyekosa ana haki ya kuelezwa sababu.

Hapo ndipo ningependa wenye mashirika ya kijamii wanisikie. Wengi wenu hamtoi majibu. Tumewahi kungoja miezi mitano, kisha tukaona mkufunzi mwingine akipita na fulana za mradi. Wengine mnatangaza Ijumaa na kufunga Ijumaa ifuatayo, na ndani mnataka hati ya kiapo, taarifa za fedha zilizokaguliwa za miaka mitatu na barua tatu za wadhamini. Kikundi cha kijijini Seme au Budalang'i hakiwezi kuzipata kwa siku saba. Tupeni wiki tatu, na mkitunyima kazi, tupeni alama zetu kwenye karatasi moja.

Sisi tumeendelea kukutana Jumamosi saa tisa alasiri. Vikundi viwili vya Manyatta vimeanza kuja na mapendekezo yao tuyasome pamoja kabla hayajapelekwa, na wiki iliyopita tulikuta cheti kimoja kimebakiza siku nne.

Katibu wa kikundi cha akina mama,
Nyalenda, Kisumu