Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Nani Alilipia Safari ya Barua?

Ndugu wanachama,

Assalaam aleykum, na hamjambo nyote, mliofika ukumbini na ninyi wa Mombasa, Dar es Salaam na Maskati mnaotufuatilia kwa simu.

Mkutano uliopita uliazimia kwamba, badala ya kila mmoja kuja na albamu yake ya stempu na kuisifia, mwaka mzima tushughulike na jambo moja: mikataba ambayo serikali za Ulaya zilifunga na makampuni ya meli ili barua zifike kwenye makoloni ya mbali. Wapo walionung'unika kwamba hilo ni somo la mawakili. Sijawasikia tena tangu bahasha zao wenyewe zilipoanza kuwaeleza mambo.

Kikao kilichojaa kuliko vyote kilikuwa cha Zanzibar. Kabla ya 1872 barua ya Unguja haikuwa na ratiba. Iliondoka na jahazi la kusi, au na merikebu ya wafanyabiashara, au ilisubiri manowari ipite. Posta ya India ilifungua ofisi hapa Novemba 1868, na mwaka uliofuata ikaifunga. Mambo yalibadilika 1872, serikali ya Uingereza ilipokubali kuilipa British India Steam Navigation, kampuni ya Mskoti William Mackinnon, ilete meli kila mwezi kutoka Aden. Kampuni hiyo ilikuwa na uzoefu wa kazi za namna hii, kwani yenyewe ilianza 1856 kwa mkataba wa kupeleka barua kati ya Calcutta na Rangoon. Oktoba 1875 posta ikafunguliwa tena Unguja, na safari hii haikufungwa.

Barua za mji wetu peke yake zisingeweza kulipia safari ile, na London walilijua hilo. Tazameni tarehe. Januari 1873 mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, aliteremka Unguja kumbana Sayyid Barghash akomeshe biashara ya watumwa, na mkataba wa kuipiga marufuku kwa njia ya bahari ulitiwa saini tarehe 5 Juni mwaka huohuo. Serikali ilitaka balozi wake John Kirk apate maagizo kwa wakati, na ilitaka shehena za halali zipate meli za uhakika. Ruzuku iliandikwa kwa jina la barua, lakini iliyonunuliwa ilikuwa siasa. Sayyid Barghash naye hakukaa kutazama: baadaye alinunua meli zake mwenyewe za moshi, zikawa zinakwenda hadi Bombay.

Mkataba mwingine wa Zanzibar, ule wa Union Steam Ship Company kuleta barua kutoka Cape, kusini mwa Afrika, ulizua kishindo katika Bunge la Uingereza mwaka 1873. Wabunge waliuliza kwa nini kampuni moja ipewe fedha za umma namna ile, na kamati ikaundwa kuchunguza. Wakati huohuo ikafumuka kashfa ya fedha za Posta zilizotumiwa kwa kazi za telegrafu bila idhini ya Bunge, na Agosti Waziri wa Fedha Robert Lowe akahamishiwa Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwanachama wetu mmoja alisema kikaoni kwamba hakujua jina la kisiwa chetu limewahi kumng'oa waziri wa fedha kwenye kiti chake. Halikumng'oa peke yake, lakini lilisaidia kusukuma.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo bora tulilolijadili mwaka huu. Mwaka 1890 mtu wa Unguja mwenye barua mkononi aliweza kuchagua posta tatu ndani ya mji mmoja. Ya India ilikuwapo. Wafaransa walifungua yao 1889, baada ya meli za Messageries Maritimes kuanza kupita pwani hii zikienda Madagascar na Réunion. Kisha Wajerumani. Bunge lao lilipitisha sheria mwanzoni mwa 1890 ya kutoa ruzuku ya marki 900,000 kwa mwaka, kwa miaka 10, na mjini Hamburg ikaundwa kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie. Meli yao ya kwanza, iliyoitwa Reichstag, iling'oa nanga Hamburg tarehe 23 Julai 1890. Tarehe 27 Agosti posta ya Kijerumani ikafungua milango Unguja, ikauza stempu za Ujerumani zilezile zilizouzwa Berlin, bila hata kuzigonga chapa ya Zanzibar. Ilidumu hadi Julai 1891 tu, kwa kuwa Ujerumani ilikwisha kuiachia Uingereza Zanzibar katika makubaliano yao ya 1890. Meli ziliendelea kuja, posta ikaondoka. Ndiyo maana bahasha za miezi ile ni adimu, na ndiyo maana bei zake zinatia kizunguzungu.

Kwenye kikao hicho tulizungusha mezani bahasha moja ya miaka ya 1880, mali ya mwanachama ambaye babu yake alikuwa na duka Mji Mkongwe. Anwani imeandikwa kwa Kigujarati, na chini yake neno Bombay kwa herufi za Kiingereza zilizopinda. Stempu ni ya India, kichwa cha Malkia Victoria, na muhuri wa duara wa Zanzibar umeangukia pembeni kidogo. Mwenye kuusoma mkataba anaiona njia yote hapo: British India hadi Aden, kisha meli ya P&O (kampuni nyingine ya Uingereza) kuvuka kwenda Bombay. Kwenye meli hizo za P&O kulikuwa na ofisi ya posta ya baharini, makarani wakichambua magunia huku meli inayumba, ili barua ziteremke zikiwa tayari zimepangwa.

Tuligusa na ya kale zaidi. Royal Mail Steam Packet Company ililipwa pauni 240,000 kwa mwaka kupeleka barua visiwa vya Karibi kuanzia 1842. Mikataba ya zama zile ilisimamiwa na wakuu wa jeshi la majini la Uingereza, si Posta, hadi 1860, na ofisa wa jeshi hilo alisafiri na magunia kama mlinzi wao. Lakini kilichowachekesha watu ni Suez. Mfereji ulifunguliwa Novemba 1869, ila mkataba wa P&O uliandikwa wakati barua zilipokuwa zikivuka Misri kwa reli, na Posta ya Uingereza ikaushikilia neno kwa neno. Barua zikawa zinateremshwa Alexandria, zinapandishwa treni hadi Suez, na huko huenda zikapakiwa tena kwenye meli ileile iliyokwisha kupita mferejini. Utaratibu wa treni haukwisha kabisa hadi 1888. Mzee wetu mmoja, mstaafu wa serikali, alisema haoni cha kuchekesha hapo. Ameyaona mengi ya namna hiyo ofisini.

Mengine nitayapitia upesi. Maonyesho yalifanyika, ila unyevu wa ukumbi tuliokodi uliharibu kurasa kadhaa, na kamati haitarudi pale. Kuna pia malalamiko ya mwanachama aliyeuziwa na muuzaji mmoja wa mtandaoni stempu za 1895, zile za India zilizogongwa chapa ya Zanzibar wakati posta ilipokabidhiwa kwetu. Zile halali zilichapwa kwenye mitambo ya Zanzibar Gazette, na mafundi walikosea hata jina la nchi, wakaacha baadhi zikisomeka "Zanzidar". Kosa hilo ni la kweli, nalo ndilo waghushi wanalopenda kuliiga. Za mwenzetu zote ni za kughushi. Kuanzia sasa stempu za chapa hiyo hazitaingia kwenye maonyesho yetu kabla ya kukaguliwa na kamati ndogo, na ombi langu ni kwamba azimio hili lipitishwe leo.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza tufuate meli za Wajerumani katika Tanga, Dar es Salaam na Lindi hadi vita vya 1914 vilipozikatisha. Mwenye bahasha, tikiti, au hata ankara ya mizigo ya njia hiyo amwone katibu kabla ya kuondoka. Hesabu atazisoma mweka hazina, na wenye madeni ya ada wanajijua.