Upasuaji huu si ukeketaji

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya ulipoeleza kwa nini wanawake huumia wakati wa tendo la ndoa ulitaja fangasi, magonjwa ya zinaa na msongo wa mawazo, basi. Umeacha ugonjwa nilioolewa nao: maumivu makali ya mlango wa uke unapoguswa.

Mimi ni fundi cherehani. Kila zahanati niliyoingia nilitoka na vidonge vya fangasi vya kuweka ukeni, hata pale kipimo kilipoonyesha sina fangasi. Hatimaye daktari bingwa alichukua kijiti cha pamba, kile cha kusafishia masikio, akanigusa taratibu. Mapajani, sawa. Kwenye mashavu ya uke, sawa. Alipofika mlangoni, upande wa chini, nilimshika mkono nikalia. Kipimo chenyewe ni hicho, pamba tu! Mbona hakifanywi kila mahali?

Hakukimbilia kisu. Nilipewa jeli ya ganzi, amitriptilini kidogo usiku (dawa ya kutuliza maumivu ya neva), na mazoezi ya kulegeza misuli ya nyonga. Yaliposhindwa ndipo akanieleza upasuaji: huondolewa utando mwembamba wa pale mlangoni panapouma, kisha ngozi laini ya ndani ya uke huvutwa kidogo kufunika kidonda. Alinitajia utafiti wa Kanada wa mwaka 2001 uliolinganisha upasuaji huo, mazoezi ya misuli na tiba ya kisaikolojia. Makundi yote yalipata nafuu, ila la upasuaji ndilo lililopungukiwa maumivu zaidi.

Shangazi yangu aliposikia alinijia juu: "Unataka kukeketwa ukubwani?" Namheshimu, lakini hapana. Kinembe hakiguswi. Ukeketaji humkata msichana mzima asiyeumwa, na sheria yetu ya mwaka 1998 inaukataza. Mimi ni mtu mzima, nilikuwa naumwa, na nilitia saini mwenyewe.

Wiki za mwanzo kukaa kulikuwa kazi, na mazoezi naendelea nayo hadi leo. Suruali ya kubana bado inanisumbua. Lakini mimi na mume wangu sasa tunalala kama mke na mume.

Anayewaka sehemu zote za siri hata bila kuguswa, upasuaji huu haumfai. Naye ana haki ya kupimwa vizuri. Tafadhali mwombeni bingwa wa magonjwa ya wanawake aandike ukurasa mzima juu ya jambo hili, na wahudumu wa zahanati wausome.

Msomaji wenu, Morogoro
(Jina langu mnalo, msilichapishe)