Projekta isiunguze urithi inaouonyesha

Mhariri,

Makumbusho mengi sasa yanakimbilia miwani ya uhalisia pepe na projekta za ukutani. Hatupingi, ila mwanga unasahaulika. Nguo za kale na karatasi huwekewa kikomo cha takribani luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na rangi ikishafifia hairudi. Projekta ikimulika ukuta wa jirani, mwanga huruka hadi kwenye kabati la kioo. Pimeni juu ya kitu chenyewe, projekta ikitoa picha nyeupe tupu.

Miwani nayo: picha zikishuka sana chini ya 90 kwa sekunde, mgeni anaweza kuanza kichefuchefu. Mara nyingi chanzo ni modeli, yaani umbo la kidijitali la kitu, lililoundwa kwa pembetatu ndogo mamilioni na programu inayounganisha picha nyingi za kamera, kisha likaingizwa vilevile lilivyotoka. Pembetatu zipunguzwe; mikwaruzo na nakshi ndogo zibaki kwenye picha inayofunika umbo. Vyombo vya shaba vinavyong'aa husumbua zaidi, maana mng'ao huhama kamera inaposogea na programu hiyo huchora mabonde yasiyokuwepo. Vichujio vya polaraizi, vinavyozuia mng'ao, kwenye taa na lenzi husaidia.

Halafu bajeti, ambayo kwa kawaida huishia siku ya ufunguzi: nani atachaji betri, nani atapangusa sponji ya usoni kila mgeni akivua?

Wahifadhi na mafundi wa maonyesho