Mwaka wa bastola za China husomwa vibaya

Mhariri,

Bastola za kale zenye maandishi ya Kichina hupachikwa umri usio wao, kwenye minada na hata kwenye vibao vya maonyesho. Kosa kubwa liko kwenye mwaka.

Tafuta kwanza 民國, yaani Jamhuri ya China. Miaka yake huhesabiwa tangu 1912, kwa hiyo namba utakayoikuta ongeza 1911. Chukua nakala ya Mauser C96, bastola ya Kijerumani, iliyotengenezwa Taiyuan, jimbo la Shanxi, enzi za Yan Xishan, mbabe wa kivita aliyelitawala jimbo hilo. Ubavu mmoja una 一七式, aina ya 17. Ubavu wa pili una 民國拾捌年晋造: imetengenezwa Shanxi, mwaka wa 18, ndio 1929. Wengi huidaka ile 17 wakaandika 1928. Wengine hukwama kwenye 拾捌 kwa kuwa wamezoea 十八. Ni 18 ileile, kwa tarakimu za hati rasmi. Bastola hii hula risasi nene za inchi .45 badala ya 7.63 mm, ndiyo maana kasha la risasi limeshuka chini kuliko kikingio cha kifyatulio. Umbo hilo linathibitisha aina tu, halithibitishi umri, kwani zimeshatengenezwa mpya kwa ajili ya wakusanyaji.

Mtego mbaya zaidi ni Nambu, bastola ya Japani. 十四年式 iliyo ubavuni husomeka kwa herufi zilezile za Kichina, lakini 14 hiyo ni mwaka wa 14 wa enzi ya mfalme Taisho, yaani 1925, na ni jina la aina. Tarehe ya kutengenezwa iko kando, mfano 昭 12.6, ambapo 昭 ni Showa, enzi iliyofuata ya Japani. Hapo kwenye 12 ongeza 1925, upate Juni 1937. Ukiifuata hesabu ya China utaangukia 1923, kabla aina yenyewe haijakuwepo!

德國製 maana yake ni "imetengenezwa Ujerumani". Zipo Mauser halisi zenye alama hiyo, ila karakana yoyote iliweza kuichonga. Nakala za Browning ya 1900, bastola ya kiwanda cha FN cha Ubelgiji, hujifichua kwa herufi za Kilatini zilizopinduka au zisizounda neno.

Maandishi ya mlalo ya zama hizo mara nyingi husomwa kuanzia kulia.

Kabla ya kuigusa, mwenye leseni ahakikishe haina risasi. Kisha futa mafuta kwa kitambaa laini, mulika tochi kwa mshazari, upige picha. Msasa na brashi ya waya tunavikataa kabisa: mikwaruzo ya herufi ni myembamba, na ikishalika hakuna wa kuirudisha.

Watunza silaha za kale